Usiku Tulikimbia na Hakuna wa Kutukimbiza

Mi ni mutu mwenye alijitengeneza mwenyewe. Niliacha masomo mu mwaka ya ine ya primeri, na leo depo yangu ku Butembo iko na milango ya chuma tatu, na bale bamemaliza iniversite banakuja kuniomba kazi na kravate ku shingo. Sisemi vile juu ya kujisifu. Nasema juu ni kweli, na kitu ya kweli, hata uifunike na turubai, itaonekana.

Donc wakati batu banasikia kama nilikimbia usiku mu jangwa ya Dubai, mu mwezi wa saba, wakati hata ngamia inatafuta kivuli, banafikiri nilifanya vile juu ya kujionyesha. Hapana. Ni bibi yangu alinifikisha kule. Mi nilileta tu tikiti ya ndege.

Bibi yangu ni mutoto wa Masereka, kule juu, kwenye baridi na viazi na mboga ya poaro. Tangu alikuwa mudogo alibeba mizigo vile bamama ya kwetu banabebaka: kikapo ku mugongo, kamba inapita ku paji ya uso, shingo inavuta, mikono iko huru. Leo anasimama ku kontwari ya depo yangu, na mushitiri mwenye anataka kumudanganya anatoka akiwa amenunua kitu mbili zenye hakuhitaji. Munganga mumoja ya hapa Butembo aliniambia: «Papa, tansio yako, presha ya damu, inapanda kama moshi. Punguza tumbo ao tumbo itakupunguza.» Mi nilicheka. Bibi yangu hakucheka. Kesho yake, mbele jogoo iwike, alinivuta mablanketi.

Tukaanza kukimbia ku milima, kila asubui, mbele ya misa ya kwanza. Nitasema kitu hapa: mi niko na miguu nguvu, nilitembea sana mu ujana yangu nikiuza sabuni na bateri kijiji kwa kijiji. Mais kila asubui alikuwa ananiacha. Nilimukuta kule juu, mikono amefunga ku kifua, vumbi ya kiangazi ku viatu yake, na kitenge mbili amefunga juu ya patalo ya michezo juu anasemaka mama ya batoto haonyeshake magoti.

«Papa ya batoto, unakuja ao nikutumie motari wa pikipiki?»

«Mi naangalia fasi ya kununua,» nilijibu. «Mutu wa biashara anaangaliaka fasi.»

«Angalia basi. Mi nitaenda kupika chai.»

Sasa, kila mwaka naenda Dubai kutafuta mali. Naendaka na rafiki yangu mumoja wa Beni, Mwislamu, mwenye malori. Tulianza pamoja wakati yeye alikuwa mupigadebe na mi nilikuwa nalala juu ya mizigo yangu ku parking. Namuitaka Hadji juu alifika Maka, na yeye ananiitaka Mukubwa juu najua anapenda kunichekelea. Tunagawanya kontenere moja, na hatujagombana hata siku moja, isipokuwa kila siku.

Ile mwaka bibi yangu alisema: «Mi pia nitaenda.» Hajawahi kwenda. Niliwaza kumuambia njia ya mali ni njia ya banaume, nikaangalia uso yake, nikamuombea passeport.

Hadji akasikia. Siku ile ile akatuma sauti ku telefone, mu kikundi ya bafanya biashara, penye batu yote banasikia: «Mukubwa, weye unasemaka uko na magoti ya chuma. Mu ile wiki tutakuwa kule, kuna mbio ya usiku mu muchanga. Bazungu, Bahindi, Bafilipino, batu yote wanalipa waingie. Bibi na bwana banaweza kukimbia pamoja. Ao magoti ni ya ku Butembo tu?»

Mutu kama mi hawezi kunyamaza mu kikundi. Nilijibu mbele ya batu yote: «Andikisha majina. Na uniwekee kiti pale mwisho, juu nitafika nikungojee weye.»

Bibi yangu alikuwa anafunika chungu. Alibaki na kifuniko mu mukono.

«Ni usiku?» akauliza.

«Usiku.»

«Na batu banakimbia tu? Hakuna kitu?»

«Banakimbia tu. Mwishoni banapewa medaye na tende.»

Aliweka kifuniko polepole juu ya chungu. Mi sikuelewa. Nilielewa ku Beni.

Hadji alisema Butembo ni baridi, mwili yetu imezoea tricot, afazali tufike kwake Beni tufundishe damu joto. Tukaenda Jumamosi, siku ya posho. Saa ya jioni, mbele yeye aende ku sala, tulitoka ku mulango yake tukaanza kukimbia barabara ya kartiye. Mi mbele, bibi yangu nyuma, juu kwetu ku njia ya milima bwana ndiye anatangulia: anapangusa umande, anakutana na nyoka wa kwanza, anajibu kama kuna mwenye anauliza. Bibi anafuata.

Tulipita nyumba kidogo tu. Mama mwenye anauza mandazi akasimama, akabeba beseni yake. Bafungua butike bakaanza kufunga milango. Nikasikia miguu nyuma yetu, mingi, inaongezeka. Nikawaza: bamenitambua. Beni yote inajua nani anauzia bo manjanga, mabati ya kufunika nyumba. Nikainua mukono, nikasalimia kama deputé mu kampeni.

«Papa!» bibi yangu akaita. «Papa, simama!»

Nikageuka. Avenue muzima ilikuwa inakimbia. Mwanamuke na mutoto ku mugongo, kichwa ya mutoto inayumba. Kijana na godoro. Muzee na redio yake ku kifua. Hawakuuliza kitu, waliona batu bawili banakimbia, mama na kitenge amekaza ku kiuno, na kwa Beni ile inatosha.

Bibi yangu alijiweka katikati ya barabara, akafungua mikono. «Hakuna kitu! Hakuna kitu! Ni michezo!»

«Michezo gani?» muzee wa redio akamuliza, pumzi inamukata. «Mama, hapa mutu hakimbiake bure.»

Hadji akafika juu ya pikipiki, kanzu mu meno, kandambili moja imebaki njiani. «Ni bageni yangu!» akapaza sauti. «Ni ba Butembo, banapunguza tumbo! Angalieni ile tumbo! Mutu anaweza kukimbia vita na tumbo ile?»

Batu bakaangalia tumbo yangu. Bakaanza kucheka, kwanza mumoja, kisha yote, kicheko ya mutu mwenye moyo bado inapiga. Muzee alinishika mukono: «Papa, ukirudia, upige filimbi kwanza.» Mandazi ilikuwa imemwangika. Bibi yangu aliinama akaziokota moja moja, tukazinunua zote na vumbi yake, na Hadji akazila njiani akisema vumbi ya Beni iko na vitamini.

Usiku ile, pa kulala kwa Hadji, bibi yangu alizungumuza mu giza. Ile habari nilikuwa naijua, mais najua tu vile bwana anajua, kwa kukatakata. Wakati mutoto wetu wa kwanza alikuwa bado ku titi, mi nilikuwa Kayna kununua maharagi, yeye alikuwa amefuata wazazi yake kule Kasugho, kwenye walikuwa wamefungua shamba pembeni ya pori. Batu ba silaha balitokea usiku. Batu bakakimbia. Mama yake alikuwa anaumwa muguu, akajikalisha mu migomba, akamuambia: «Enda na mutoto. Enda, nasema.» Akaenda. Mama yake alionekana kisha siku kidogo, muzima, batu ya shamba ingine walimuficha. Mungu alisaidia.

«Mais weye unajua,» akaniambia, «ile usiku sikukuwa naenda fasi yoyote. Nilikuwa natoka tu. Na kila mara ingine tulikimbia, ni vile vile, kutoka tu. Nataka nikimbie usiku moja, hakuna wa kunikimbiza, na nifike pale nilisema nitafika. Moja tu.»

  Nilimutafuta mukono, nikamushika. Tangu pale ile mbio haikuwa tena ya magoti yangu. Ilikuwa ya kumufikisha.

Dubai mu mwezi wa saba, hata usiku, ukitoka mu motokari yenye baridi ni kama umefunua chungu ya bugali na kuweka uso juu ya moshi. Bisi ilitutoa mu muji, taa zikaisha, tukashuka fasi ya muchanga tu, milima ya muchanga. Naiita milima kwa heshima. Kwetu ku Lubero tungeiita vichuguu.

Batu walikuwa bengi, kila mutu na torshi ku kichwa kama fundi wa migodi. Bazungu na miguu myembamba na mupira ya maji inatoka ku mabega mpaka mu kinywa, kama wagonjwa wamekimbia hospitali. Binti mumoja alieleza sheria mu mikrofone, Hadji akatutafsiria na Kiarabu yake ya sokoni: tufuate vibendera vyenye vinangaa, torshi isizimwe, bale ba bawili bawili banapita ku mulango ya mwisho pamoja, ao haihesabiwe, mumoja akishindwa, mwenzake anaweza kuendelea peke yake na atahesabiwa peke yake. Na saa sita ya usiku mulango inafungwa, mwenye amebaki anaokotwa na motokari.

«Na weye, Hadji, namba yako iko wapi?» nikamuliza.

«Mi ni mutu wa malori. Mutu wa malori hakimbiake. Anangojaka mizigo.» Akapanda bisi ya kwenda pale mwisho, na tende yake na telefone.

Tukaanza. Nilisalimia kila mutu mwenye nilipita, na Kinande, vile tunafanyaka ku njia zetu, juu huwezi kupita mutu njiani ukinyamaza kama mwizi. «Wasibire! Wasibire, papa! Wasibire, mama!» Mutu mumoja alidhani namuomba njia, akaruka pembeni akaanguka. Mi mbele, bibi yangu nyuma. Muchanga ilikuwa moto, inaingia mu viatu, inakula muguu na kuitapika. Mais nyota! Na kimya. Nilisikia tu pumzi yake nyuma yangu, ile pumzi fupi ya mutu mwenye amezoea mizigo.

«Papa,» akaniita.

«Umechoka?»

«Hapana. Nasikiliza nyuma. Hakuna kitu. Nyuma yangu hakuna kitu kabisa!» Na akacheka, na ile kicheko sikuisikia tangu alikuwa binti wa Masereka mwenye nilimupelekea sabuni ya marashi nikisema nimekosea nyumba.

Ni ile kicheko ilinipandisha kichwa. Nikataka kumuonyesha. Kwetu mu milima, mutu mwenye anajua kutembea usiku anazimaka torshi. Torshi inakuonyesha hatua moja na inakuficha mulima muzima. Ukizima, macho inafunguka, na muguu yenyewe inajua njia, juu njia ya batu iko nguvu katikati, na pembeni kuna majani. Ukigusa majani, unarudi. Mi nilitembea vile miaka. Nikazima.

«Zima na weye,» nikamuambia. «Tutabapita yote.»

«Banasema isizimwe. Na papa, hapa hakuna majani.»

«Mama. Nani alitembea usiku kutoka Masereka mpaka Butembo na karto ya sabuni ku kichwa?»

«Na miye pia,» akasema. «Na viazi ku mugongo.»

Mais alizima, juu ni bibi mwenye heshima. Na tazama, muguu yangu ikapata fasi nguvu, nzuri, imekanyagwa, inaenda sawasawa kama avenue. Nikakaza mwendo. Kikundi ya Bafilipino wakaona vile naenda, bakatufuata, na siwashangae, mugongo yangu ni mugongo yenye mutu anafuata. Nikawaza: kesho kikundi ya Butembo itasikia.

Kwanza nilisikia harufu. Kisha kitu ikapumua mu giza, juu ya kichwa yangu. Nikawasha torshi. Ngamia. Ngamia mingi, zimelala na zimesimama, macho yote inaniangalia kama ba dogani ku mupaka. Ile njia nguvu ilikuwa njia yao, kutoka ku malisho kurudia ku zizi. Muzee muchungaji akatoka mu kibanda na glasi ya chai, akatuangalia, banaume na bamama na namba ku kifua, akauliza kitu. Nikamuambia na Kiswahili: «Tunapita tu, papa, tulikuja kuwasalimia.» Akacheka mpaka chai ikamwangika, akanyoosha kidole kule nyuma, mbali, kwenye taa ndogo ndogo zilikuwa zinapanda mulima kama siafu wa moto.

Bafilipino bakageuka mara moja, bila kunisema vibaya, mais bila kusema aksanti.

Bibi yangu aliwasha torshi yake. Hakunikemea. Ingekuwa afazali anikemee. Aliangalia zile taa mbali, akaangalia saa, na niliona ku uso yake ile neno aliniambia ku Beni mu giza: kufika.

«Nitapita mbele,» akasema.

«Mama, kwetu bibi hatangu...»

«Papa, utaniambia ile ku Butembo. Hapa kuna saa.»

Akapita mbele. Na sasa nitasema ukweli yote: sijawahi kuona mutu anatembea vile. Hakukimbia tena kimuchezo. Alichukua ile mwendo ya bamama ya soko, si kukimbia, si kutembea, hatua fupi, haraka, kisigino haipandi, kama vile viazi viko ku mugongo na soko itafungwa. Muchanga haikupata nafasi ya kumukula. Mi niliweka muguu yangu kwenye muguu yake ilitoka, na ilikuwa rahisi, juu yeye alikuwa ameishaikanyaga. Miaka yote ya ndoa nilidhani mwenye anatangulia ndiye anafanya kazi ya kuona. Nikaangalia visigino yake, moja, ingine, moja, ingine, nikawaza: hata ngamia zikitoka mbele, huyu atazisalimia yeye mwenyewe.

Tulirudia ku vibendera. Tulipita bamoja wamekaa chini, wamevua viatu. Nikasalimia, mais kwa sauti ndogo. Tukafika ku mulima ya mwisho, ile kubwa, na juu yake tuliona mwangaza ya mulango. Pale ndipo muguu yangu ilikufa. Nyuma ya goti ikajikunja kama nyama mu mafuta ya moto, nikaanguka, nikalia. Mutu mukubwa kama mi, nikalia kama mbuzi.

Motokari ya mbio ikafika polepole nyuma yetu. Kijana akashuka, akaniangalia muguu, akaonyesha na mikono: papa, mu motokari. Mama, mwangaza ile pale, saa iko bado, enda. Haikuhitaji Hadji kutafsiri.

Nikamuambia: «Enda. Mama, ni weye ulitaka kufika. Enda, nasema.»

Alisimama, ananiangalia. Kisha akaangalia mwangaza. Mi nimekaa mbele ya bachuuzi wa Guangzhou wenye banaweza kunyamaza nusu siku juu ya bei ya vitenge, na kila mara nilijua nini nataka. Mais pale sikujua nini nilikuwa naomba: aende, ao abaki.

Akafungua kitenge ya juu. Akafungua na ya chini. Akabaki na patalo mbele ya kijana ya batu, yeye mwenye haonyeshake magoti. Akafunga vitenge viwili pamoja na fundo ile ya mizigo, akanipitisha nyuma ya kiuno, chini ya tumbo, akavuta ncha zote mbili akaziunganisha.

«Simama.»

«Mama, unafanya nini?»

«Ile usiku nilienda juu mama yangu aliniambia niende. Weye usiniambie. Simama na muguu moja, ile ingine uikokote.»

Akageuka, akaweka kitenge ku paji ya uso, akainama mbele, mikono ku magoti. Na akavuta. Bandugu, nilipanda. Kilo zangu sitazitaja, ni kilo za mutu mwenye anakula muzuri, na zilipanda ule mulima ya muchanga ku shingo ya mutoto wa Masereka. Mi nilisukuma na muguu moja, muguu ingine inachora mustari nyuma yetu. Kijana wa motokari alibaki na mikono ku kichwa. Kisha akaingia, akatufuata polepole na taa kubwa, akatupigia honi kama tunaoa.

«Weye ni muzito kuliko viazi,» akasema, bila kugeuka.

«Ni juu ya vile unapikaka.»

«Viazi haiongeake.»

«Sawa, mama.»

«Nyamaza kama kiazi.»

Nilinyamaza kama kiazi. Kule juu tukaona mulango, na batu walikuwa wanapanda ngazi kutoa taa. Na katikati yao Hadji, mikono mu hewa, anagombana na Kiarabu, Kiswahili, Kifaransa, yote: «Hapana kuzima! Mais non! Iko mizigo yangu mbili njiani! Wallahi naziona, moja inavuta ingine!» Batu bakageuka. Wale ba ngazi bakasimama vile walikuwa, taa moja ku mukono. Bafilipino wangu walikuwa pale, wameisha kunywa, na wakaanza kupiga makofi, tunashuka, mi naruka na muguu moja, yeye bado na kitenge ku kichwa juu alisema atafungua akifika, mbele hapana.

Tulipita mulango pamoja. Batu wabaya banasema tulikuwa ba mwisho. Mais kuna bale walipanda motokari, bengi, na bale hawakufika hata, donc ukihesabu muzuri, nyuma yetu kulikuwa batu.

Binti wa mikrofone alituwekea medaye ku shingo. Bibi yangu hakuiangalia. Alienda hatua kidogo ngambo ya mulango, akakaa chini mu muchanga, kitenge akajifunika magoti, akaweka viganja chini kama mwenye anagusa mutoto kama iko na homa. Nikajikokota nikakaa pembeni yake. Hadji, mwenye maneno yake hazikoseke, alitupatia tende na maji, akageuka akaangalia upande ingine.

«Ni hapa?» akaniuliza.

«Ni hapa.»

«Hapa ndipo tulisema?»

«Hapa kabisa, mama. Hata maandishi iko juu ya mulango.»

Akatikisa kichwa. Akaomba telefone ya Hadji, akaita Masereka. Kule usiku ilikuwa bado changa, mama yake alikuwa hajalala. Aliweka sauti kubwa, juu mama yake anasikia vibaya na anafikiri kila mutu anasikia vibaya.

«Mama, nimefika!»

«Umefika wapi?»

«Ku muchanga. Huku Dubai. Nilikuwa nakimbia.»

 Nikasikia jogoo mujinga mumoja kule Masereka, na kiti inasogezwa.

«Nani anakukimbiza?» mama yake akauliza, sauti ya chini.

«Hakuna mutu, mama. Nilikimbia tu. Nilisema nitafika, nimefika.»

«Na bwana yako? Iko wapi?»

«Iko hapa. Muguu ilimukataa. Nilimuleta na kamba ya kichwa.»

 Kisha ile mama muzee, mwenye muguu yake haijapona muzuri mpaka leo, alianza kucheka. Alicheka, akakohoa, akacheka tena, na bibi yangu akaanza, wote wawili, mumoja Masereka mu baridi, mumoja hapa mu joto, na machozi inamushuka bibi yangu mpaka ku medaye.

«Nipatie ye,» mama yake akasema.

Nikachukua telefone. Nilimusalimia na heshima yote, vile mukwe anasalimiaka. Akaniuliza kama nilikuwa muzito sana. Nikamujibu: «Mama, mi ni mutu mwenye alijitengeneza mwenyewe, na nilijitengeneza mukubwa.» Akaanza kucheka tena. Akaniambia nikirudi nipite Masereka, atanipatia gunia moja ya viazi nipeleke Butembo ku mugongo, kwa miguu, nione. Nikasema nitaipeleka. Hadji akasema yeye atanifuata na lori, kama naanguka. Bibi yangu akasema hapana, yeye atatangulia. Tulikuwa bado tunagombana pale chini, batu bane na telefone moja, wakati kijana mumoja wa ngazi alitugusa bega, akaonyesha taa, kama anaomba ruhusa. Bibi yangu akamuambia na Kinande azime tu, hakuna shida, na kijana alielewa.